Barua kwa mwanangu: siku za mahakamani

Mwanangu Rehema,

Umeuliza mjukuu wangu akipandishwa kizimbani kutakuwaje, na wewe mama yake ufanye nini. Nimestaafu nikiwa karani wa mahakama, kwa hiyo hili nalijua.

Siku ya kwanza ni fupi, lakini ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Atasomewa shtaka, kisha aulizwe: ni kweli au si kweli? Watoto wengi hujibu "ni kweli" wakidhani ndivyo watakavyorudi nyumbani haraka. Jibu hilo likishaandikwa, mara nyingi mashahidi hawaitwi tena. Inabaki adhabu tu. Basi aonane na wakili kabla ya kuingia, na asichokielewa aombe kirudiwe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 40, unakataza kumlazimisha mtoto kukiri, na unataka apewe mkalimani bure asipoijua lugha. Ibara ya 37 inasema kumweka kizuizini kuwe hatua ya mwisho, hivyo wakili aiombe dhamana siku hiyohiyo. Masharti yake yaandike neno kwa neno. Asipofika tarehe hata moja anaweza kukamatwa, na mdhamini naye akajikuta matatani.

Zitafuata siku za kutajwa. Mtakaa kwenye benchi tangu asubuhi, jina liitwe, na baada ya dakika mbili mmepewa tarehe nyingine. Inaudhi, najua. Wakili aulize upelelezi umefikia wapi, nanyi mrudi nyumbani.

Kesi ikianza kusikilizwa, upande wa mashtaka hutangulia na mashahidi wake, na wakili wetu huwahoji. Kama na wewe utatoa ushahidi, utaambiwa usubiri nje usije ukasikia ya wenzako. Kama umo ndani, usimtikisie mwanao kichwa akiwa anaulizwa! Hakimu huona. Mashahidi wa mashtaka wakishamaliza, hakimu huamua kama mtoto ana kesi ya kujibu, yaani kama ushahidi wao unatosha kumtaka ajitetee. Akiona hana, anaachiwa hapohapo.

Akitiwa hatiani, kabla ya adhabu huenda afisa ustawi wa jamii akaja nyumbani kuandika ripoti. Usimpambie mambo, mwambie ukweli wa shule, marafiki na nani anamlea. Mkitaka kukata rufaa, ina muda wake, kwa hiyo mwulize wakili siku ileile.

Ukishaonana na wakili nipigie, hata kama ni usiku.

Baba yako