Je, "kuathiri" ni kwa ubaya tu?

SWALI: Nasoma chuo hapa Nyegezi, Mwanza. Utafiti wangu nimeupa jina "Namna Matumizi ya Afya Yanavyoathiri Ukuaji wa Uchumi". Msimamizi kanirudishia, anasema nimeshahukumu kwamba fedha za afya zinaudhuru uchumi. Je, yuko sahihi?

JIBU: Ukifungua kamusi, hayuko sahihi. Athari ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni alama au matokeo ambayo jambo hili huyaacha kwenye jambo lile, yawe mema au mabaya. Ila msimamizi wako anasikia vizuri. Wasemaji tumeshalivuta neno upande mmoja: walioathirika na mafuriko, athari za pombe. Mkulima wa Magu hawezi kukuambia pamba yake imeathiriwa na mvua iliyonyesha kwa wakati. Ndipo watu wakabuni "athari chanya", ambayo mimi siipendi, ingawa imeshazoeleka.

Usikimbilie "yanavyochangia" nayo, maana hapo utakuwa umehukumu upande wa pili. Ni kweli, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, aliyelegezwa na kichocho akitibiwa kwa prazikwanteli, anarudi kubeba magunia yake. Fedha ya dawa imechangia. Lakini nchi ikipata kipato kikubwa nayo hutenga zaidi kwa afya, kwa hiyo hujui kipi kimetangulia. Andika "uhusiano kati ya" hiki na kile, kisha utafiti useme wenyewe.

Kuna mahali kuathiri linakaa sawasawa. Familia ya Ukerewe ikiuza nyavu na mtumbwi ili ilipie upasuaji, wachumi huyahesabu malipo hayo pia kama fedha zilizotumika kwenye afya. Ila kesho hakuna wa kwenda ziwani. Kipato kimeathirika, kwa maana ile ile ya mtaani. Kwa hiyo taja nani analipa: serikali, bima au mgonjwa mwenyewe.

Hukuuliza, lakini "matumizi ya afya" ndiyo yaliyonikera zaidi. Matumizi ya chumvi ni kuila, matumizi ya vidonge ni kuvimeza, afya je? Sema "matumizi ya fedha katika afya". Na ukigusia Azimio la Abuja la 2001, ahadi ya nchi za Afrika ya kutenga fedha kwa afya, asilimia 15 iliyoahidiwa pale ni ya bajeti ya serikali, si ya pato la taifa.