Kabla ya kukopa sola, kagua friji

SWALI: Nauza soda, maji na juisi Mbagala, Dar es Salaam. Biashara imeyumba, mtaji umebaki kiduchu. Umeme wa shilingi 10,000 ulikuwa unanifikisha siku kumi, sasa siku ya tano mita inalia. Nina friji moja ya mlango wa bati, taa tatu za wati 60 na redio. Jirani ananishauri nikope nifunge sola. Mnasemaje? – Mama wa duka

JIBU: Dada, usikope bado. Ukifunga sola leo utanunua paneli na betri za kulisha friji mbovu.

Tupige hesabu. Kwa bei ya biashara ndogo, uniti moja pamoja na kodi ni kama shilingi 356, kwa hiyo 10,000 inakupa uniti 28. Kwa siku tano, unakula 5.6 kila siku. Taa tatu zikiwaka saa tano ni 0.9. Redio na chaji za simu, tuseme 0.3. Zinazobaki, 4.4, zinakwenda kwenye friji. Friji ya wati 200 haiwezi kula hizo mpaka iungurume saa 22 kati ya 24.

Hakikisha mwenyewe. Usiku ukifunga duka, zima vyote ila friji, uandike uniti zilizobaki kwenye mita. Soma tena zikishapita saa nane nzima, mlango haujafunguliwa. Friji nzima ya ukubwa huo haipaswi kuzidi 0.8. Ukikuta 1.5, kompresa, yaani mota ya friji, hailali.

Anza na raba ya mlango. Hapo ndipo friji nyingi za dukani zinapoharibikia, kwa kufunguliwa kutwa. Bana noti mlangoni, ivute taratibu. Ikitoka bila kukaza, hapo baridi inavuja. Pima pande zote nne, shubiri kwa shubiri, hasa pembe ya chini upande wa kishikio. Raba iliyokunjamana tu ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha ikande kwa kitambaa cha maji moto mpaka ilainike na kurudi umbo. Iliyochanika ibadilishwe. Lakini kaza bawaba kwanza: mlango ukiwa umelala, hata raba mpya haitabana.

Kisha chomoa friji, piga brashi vumbi kwenye nyavu nyeusi za nyuma, uisogeze sentimita 10 kutoka ukutani. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, izime iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu: kikitoboa bomba, gesi imekwenda.

Bado haipumziki? Mwite fundi apime thermostati (kifaa kinachoiwasha na kuizima friji kufuata baridi) na gesi. Akisema "gesi imeisha, naongeza", mkatalie mpaka aonyeshe inapovujia. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Ikipungua, ujue kuna tundu.

Friji ikirudi kuunguruma saa 12 kati ya 24 itakula 2.4. Taa zikiwa LED za wati 9, zote tatu ni 0.14. Jumla na redio ni kama 2.8, na 10,000 inarudi siku kumi. Unaokoa karibu shilingi 1,000 kila siku, 30,000 kwa mwezi, za kuongezea mzigo. Raba na ufundi vikikugharimu 40,000, zimerudi ndani ya siku 40. Ukiitaka sola baada ya hapo, utahitaji mtambo wa nusu ya ule ambao ungeukopea leo.

SWALI: Balbu zangu za LED haziishi miezi mitatu. Si afadhali zile za zamani? – Kinyozi, Tanga

JIBU: Hapana, ndugu. LED huuawa na joto la kitako chake, kwenye vifaa vya ndani. Ukiifungia ndani ya globu ya kioo isiyopitisha hewa, inajipika. Toa globu. Kama inaungua kwenye holda ileile tu, mwite fundi umeme azime swichi kubwa akaze nyaya zake. Waya uliolegea hutoa cheche na kupata moto.