Ngano yenye vinasaba vya rai kwa shamba la Kongwa

Ndugu yangu, umeuliza kama ngano yenye vinasaba vya rai itahimili ukame wa Kongwa. Rai ni nafaka, nduguye ngano. Kipande cha kromosomu yake, 1RS, kimo kwenye aina nyingi za ngano duniani. Husaidia mizizi kutafuta maji, na kilileta kinasaba Sr31, kinga ya kutu ya shina (ugonjwa wa ukungu), mpaka aina mpya ya kutu hiyo, Ug99, ilipoibuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaivunja kinga hiyo. Tena kinyunga cha ngano hiyo hunata, waoka mikate hununa! Ila kwa joto lile la kwenu, mizizi pekee haitoshi. Mie ningepanda mtama, ngano niwaachie wa Hanang. Kama una kisima, jaribu robo eka, mbegu iwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania.