Re: Orodha mbili za washindi wa Kalasha hazilingani

Habari ndugu. Umekwama kwa kuwa orodha mbili za washindi wa Kalasha (tuzo za filamu na runinga za Kenya) za mwaka uleule zinataja mwigizaji bora wa kike tofauti. Anza na kipengele: Kalasha hutenganisha filamu na tamthilia za runinga, hivyo wanawake wawili wanaweza kutuzwa usiku mmoja. Mimi nikinakili majina huandika "filamu" au "runinga" kando ya kila jina, maana picha za jukwaani hazitofautishi.

Kisha hakikisha si orodha ya wateule. Blogu nyingi huandika "ametwaa" mtu akiteuliwa tu, na hilo linawadhulumu walioshinda kweli. Bado hazilingani? Shika tangazo la Tume ya Filamu ya Kenya, waandaaji wenyewe tangu 2009.