Jike Akiugua Baada ya Joto, Angalia Kizazi Kabla ya Kupe

Mbwa akizubaa na kususia chakula, kwetu jibu huwa tayari mdomoni: kupe hao. Anachomwa sindano, watu wanasubiri apate nafuu. Mara nyingi kweli ni kupe, sibishi. Ila kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, mimi huanza na swali jingine kabisa: alitoka joto, yaani kipindi cha kutaka dume, lini?

Nafuga German Shepherd wa ulinzi, na huu ugonjwa wa usaha kwenye kizazi, ambao madaktari wanauita piometra, umeshaingia bandani kwangu zaidi ya mara moja. Kawaida hujitokeza wiki 2 hadi 8 baada ya joto, hasa kwa jike mtu mzima. Joto likiisha, homoni ya projesteroni hubaki juu kwa karibu miezi 2, awe amepandwa au hakupandwa. Homoni hiyo hunenepesha ukuta wa kizazi, hufunga mlango wake na kupunguza kinga ya mahali pale. Bakteria waliopenya wakati mlango uko wazi, mara nyingi E. coli, wanajikuta wamefungiwa ndani penye chakula.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni kiu. Jike wangu mmoja alikuwa akimaliza ndoo ya asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri, kisha anakojoa palepale alipolala, mbwa ambaye tangu mdogo hakuwahi kuchafua banda. Sumu ya bakteria huzuia figo kubana mkojo, ndiyo maana maji yanapita tu. Pima maji unayomwekea. Akivuka mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani lita 3 kwa mbwa wa kilo 30, mpeleke kwa daktari.

Akijilamba nyuma muda wote, inua mkia utazame. Usaha mzito wa rangi ya uji wa ulezi, wenye harufu, maana yake mlango bado uko wazi. Hiyo ndiyo afadhali. Mlango ukijifunga hutaona hata tone. Tumbo linajaa, mwenye mbwa anashangilia mimba, kumbe. Usilibonyezebonyeze tumbo hilo, kizazi kilichojaa kinaweza kupasuka. Wala kipimajoto kisikutulize: mbwa mzima huwa na nyuzi 38 na ushee, na wagonjwa wengi wa piometra hawapandishi homa.

Kwa daktari, omba ultrasaundi. Inaonyesha kizazi kilichojaa majimaji na inatofautisha na mimba, kwa sababu mapigo ya moyo ya vitoto huonekana kuanzia wiki ya 4 hivi. Damu nayo ipimwe: seli nyeupe, halafu figo. Kliniki yako ikiwa haina mashine, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kwa walioko Nairobi kuna ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete.

Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kutoa kizazi pamoja na ovari. Mbwa aliyelegea huwekewa dripu na antibiotiki kwanza apate nguvu, lakini si wa kurudishwa nyumbani kungojea upasuaji wiki ijayo. Niliruhusiwa kusimama pembeni siku moja: pembe 2 za kizazi, ambazo kwa kawaida ni nyembamba kuliko kidole, zilijaa beseni. Ukiona hivyo huulizi tena kwa nini vidonge peke yake havitoshi. Antibiotiki hupunguza makali, usaha unabaki palepale.

Halafu kuna wanaokimbilia duka la dawa za mifugo kununua oksitosini ya ng'ombe ili "isukume uchafu". Mlango ukiwa umefungwa, unasukuma uende wapi?

Kwa jike wa mbegu aliye na mlango wazi na hali nzuri, daktari anaweza kujaribu dawa: aglepristoni, inayozuia kazi ya projesteroni, au prostaglandini, inayobana kizazi kitoe usaha, chini ya uangalizi, pamoja na antibiotiki. Uliza kwanza kama zinapatikana, na ujue ugonjwa hupenda kurudi. Akipona, apandishwe joto linalofuata. Akimaliza kuzaa, afungwe kizazi.

Watu huniambia kumfunga jike mzima ni kumuonea. Uswidi, ambako kwa desturi majike wengi hawafungwi, karibu 1 kati ya 4 hupata piometra kabla ya miaka 10. Operesheni ya mbwa mzima ni nyepesi na nafuu mno kuliko ile ya mgonjwa. Na zile sindano za kuzuia joto, ambazo wengi wanaziona njia ya mkato, ni homoni ya jamii ileile ya projesteroni: zinaandaa kizazi kwa ugonjwa huuhuu. Mimi sizinunui tena.