Kerezo dogo la CNC hapa Mombasa: anza na maji, ndipo uchague tureti

Ndugu yangu wa Jomvu, salaam. Umeuliza kuhusu kerezo dogo la CNC, yaani linaloongozwa na kompyuta, unalotaka kuagiza, la chaki (kile kishikio kinachozungusha kipande unachokereza) ya inchi 6, kazi zako zikiwa bushi za bronzi na nailoni, na pini za chuma kisichoshika kutu za mashua. Muuzaji amekupa njia tatu za kubeba visu: safu ya visu juu ya meza, tureti ya umeme ya nafasi 4, yaani kichwa kinachogeuka kuleta kisu mbele, au tureti ya nafasi 8. Upande wa kupoza amekupa pampu ya kulanti (majimaji ya kupoza kisu na kazi) au mnyunyizo wa ukungu. Karakana yangu iko Shimanzi, na ndani yake nina mashine ya safu na nyingine ya tureti ya nafasi 4, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kila siku.

Wengi watakwambia uamue kwanza habari ya tureti. Mimi nakuomba uanze na maji utakayotia kwenye tangi, kwa sababu hapa kwetu maji ndiyo yanayoamua tureti itaishi vipi.

Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, hilo unalijua. Ya mfereji yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mfereji ukikauka tunanunua ya mkokoteni au ya boza bila kujua yamechotwa wapi. Kulanti ya kawaida ni mafuta yaliyochanganywa na maji. Chumvi ikizidi, mchanganyiko unavunjika, mafuta yanajitenga juu, na kutu inaingia kwenye reli za mashine, zile meza inazotelezea, na kwenye kazi uliyokwisha kuimaliza. Tena ubaya huu unakua wenyewe. Jua la kaskazi likikausha tangi, maji ndiyo yanayopanda hewani, chumvi inabaki. Ukiongeza maji yaleyale, umeongeza chumvi juu ya chumvi.

Mimi natumia maji ya mvua. Masika nakinga kutoka kwenye mabati hadi tangi la plastiki, na vuli najaza tena. Mabati yakiwa na kutu au vumbi la lori, acha mvua ya mwanzo ipite kwanza. Maji ya mvua ni laini mno na baadhi ya mafuta hutoa povu ndani yake. Povu likikusumbua, changanya na kiasi kidogo cha maji ya mfereji. Nunua pia kile kipimo cha kalamu cha kupimia madini kwenye maji, hakina bei kubwa, upime kila maji kabla hayajaingia tangini.

Unapochanganya, maji yatangulie, mafuta yafuate polepole huku ukikoroga. Ukigeuza mpango huo utapata uji mzito usiotaka kuchanganyika. Nguvu ya mchanganyiko kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10. Hapa pwani mimi sishuki chini ya 8, kwa ajili ya hewa ya chumvi. Pima kwa refraktometa, kifaa kidogo cha kusomea nguvu ya mchanganyiko, na usisahau kuzidisha namba unayosoma kwa ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mafuta yako, maana kila mafuta yana yake. Tangi likipungua, usiongeze maji matupu wala mchanganyiko wa nguvu ileile. Ongeza mwepesi, kwa kuwa kilichopotea zaidi ni maji. Karatasi za kupimia asidi zikuonyeshe pH kati ya 8.5 na 9.5. Ikiteremka chini ya hapo, vijidudu vimeshaanza kula mafuta yako.

Hao vijidudu hupenda tangi lililotulia lenye mafuta ya reli yanayoelea juu. Jumatatu unafungua mlango unakutana na harufu ya yai bovu. Dawa ni kuondoa yale mafuta ya juu, hata kwa kitambaa tu, na kuacha pampu ndogo ya hewa, zile za matangi ya samaki wa mapambo, ipulize mapovu siku ambazo mashine imelala. Wako wanaotia Jik. Nakusihi usitie: unaongeza kloridi, chumvi ileile uliyoikimbia kisimani, na hewa yake haifai kuvutwa. Kulanti iliyochoka isimwagwe mtaroni, maana mitaro yetu inaishia baharini wanakovua wenzetu. Iweke kwenye pipa, ichukuliwe na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kubeba taka.

Sasa tureti ya umeme ya nafasi 4. Ndani yake kuna mota ndogo, gia, na sensa za Hall (zinazohisi sumaku) zinazoiambia mashine ni kisu gani kiko mbele. Mota inazungusha upande mmoja hadi sensa ijibu, kisha inarudi nyuma kidogo ili kichwa kijifunge. Ni kifaa kizuri na kinashika kwa nguvu, lakini adui yake ni kulanti yenye chumvi inayopenya juu pamoja na vumbi la chuma. Sensa ikiloa au ikiliwa na kutu, kichwa kinazunguka bila kusimama, au mashine inagoma na kuleta alamu. Kabla ya kuagiza, omba picha ya tureti ikiwa imefunguliwa, uone mfuniko wa juu una mpira wa kuzuia maji na waya zinaingia kupitia kizibo cha kubana.

Kuna mawili ambayo wauzaji hawayasemi. Mashine ikihamishwa na fezi tatu za stima zikaunganishwa kwa mpango mwingine, mota ya tureti inaweza kuzunguka kinyume na kichwa kisigeuke kabisa. Fundi atakwambia tureti imekufa, kumbe ni kubadilisha waya mbili tu. La pili, stima ikikatika katikati ya kugeuka, kichwa kinaweza kubaki hakijafungwa. Stima ikirudi, ita kisu upya na ukitikise kwa mkono kabla ya kukata.

Safu ya visu haina mota, haina sensa, haina cha kuingiwa na maji. Kubadilisha kisu ni meza kusogea tu, kwa hiyo kwenye bushi nyingi za aina moja inaiacha tureti mbali. Ila ina masharti. Kila kisu kinakula sehemu ya mwendo wa X, yaani meza inavyokwenda kukatiza mbele ya chaki, na kati ya kisu na kisu lazima pabaki nafasi inayozidi unene wa kipande unachokereza, la sivyo kisu cha jirani kitagonga. Ukikereza bushi ya milimita 60, visu vinne vinaweza kumaliza mwendo wote wa mashine ndogo. Na ukihitaji kichwa cha nyuma kushikilia shafti ndefu, safu inakuzuia.

Ya nafasi 8 ni nzuri kama una kazi inayodai visu vingi mfululizo. Kwa bushi na pini, utalipia nafasi zitakazokaa tupu.

Kwa hiyo kwa kazi ulizotaja, kama nyingi ni bushi fupi chini ya milimita 40 na zinakuja kwa mafungu, chukua safu. Kama kesho ni pini ndefu na keshokutwa bushi moja ya lori, chukua tureti ya nafasi 4 na uilinde isiingiwe na maji. Kabla kichwa hakijageuka, programu ikirudishe mbali na chaki, hasa ukiwa na kisu kirefu cha kupanulia tundu.

Kuhusu kupoza, vitu unavyokereza havitaki kitu kimoja. Chuma kisichoshika kutu kinataka kulanti nyingi isiyokatika, na kisu kisisuguesugue juu, maana chuma chenyewe kinazidi kuwa kigumu. Kulanti inayokuja na kukatika huipasua ncha ya kisu ya kabaidi, ile ngumu sana, kwa moto na baridi, heri ukate kavu. Bronzi inakatika vizuri hata kavu. Ukitumia mafuta, yasiwe yenye salfa kali, yatakuachia madoa. Nailoni usiimwagie maji kabisa: inayanyonya na kuvimba, na joto nalo linaitanua, kwa hiyo ikate kwa upepo wa kompresa na uipime ikishapoa. Upepo huohuo unazuia nyuzi zake zisijizungushe kwenye chaki.

Ndiyo maana nakushauri uchukue pampu na bomba la upepo mkavu, uache ukungu. Ukungu wa mafuta unaingia mapafuni, na karakana zetu nyingi hazina feni ya kuutoa nje. Kwenye bomba la upepo weka chujio la maji, na utoe maji ya tangi la kompresa kila siku, kwani unyevu wa hapa ni mwingi.

Muulize muuzaji mwendo wa X ni milimita ngapi, na shina la kisu ni 16 au 20. Uweke hapa pamoja na kipenyo cha bushi zako kubwa, nitakuchorea visu vipangwe vipi.