Ukitafsiri kwenda Kijapani, anza na Kiswahili

Wengi wetu tunakifikia Kijapani kwa kupitia Kiingereza, maana kamusi na vitabu vingi ndivyo vilivyo. Mimi huwatafsiria watu wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, na ushauri wangu ni huu: ukikutana na neno la Kiingereza lenye maana nyingi, usikimbilie kamusi. Isome sentensi nzima, useme kwa Kiswahili inataka nini.

Chukua "free". Kamusi itakumwagia jiyū, muryō, tada, hima, yote kwa pamoja. Kiswahili kimeshakuchambulia: huru ni jiyū, bure ni muryō (tada kwenye maongezi), na kuwa na nafasi ni hima. Ukiandika kwamba usafirishaji ni jiyū, Mjapani hataelewa kama alipe au asilipe. Hilo hima nalo usimwulizie bosi, litasikika kama unamwambia hana kazi. Muulize kama ana muda: o-jikan wa arimasu ka.

"Right" ni hivyo hivyo: kulia ni migi, sahihi ni tadashii, haki ni kenri. Na "rice" ndiyo raha yenyewe. Mpunga ni ine, mchele ni kome, wali ni gohan. Mwingereza anahangaika hapo, wewe uliyetumwa dukani tangu utoto huna cha kujifunza zaidi ya sauti. (Wali huohuo ukipakuliwa kwenye sahani bapa mgahawani huitwa raisu. Wajapani nao wana mambo yao.)

Ila Kiswahili hakikuokoi kila mahali. Sisi tunavaa kila kitu. Wao shati ni kiru, suruali na viatu ni haku, kofia ni kaburu, pete ni hameru, miwani ni kakeru. Baridi ya hewa ni samui, ya maji ukiyagusa ni tsumetai. Hapa usikariri kitenzi peke yake, kikariri pamoja na kitu chake. Kakeru hasa ni kama "piga" yetu: simu wanai-kakeru, pasi wanai-kakeru, na ukiuliza kwa nini, hakuna wa kukujibu, kama sisi tusivyoweza kueleza kwa nini pasi inapigwa.

Ukishachagua neno, ligeuze: litafute kutoka upande wa Kijapani, kwa mfano kwenye Jisho, kamusi ya mtandaoni ya Kijapani na Kiingereza, usome sentensi za mfano. Kama ni jina la kitu, tafuta picha zake mtandaoni kwa maandishi ya Kijapani. Ukitafuta kifaa cha gari ukaletewa picha za vyombo vya jikoni, umeshajua.

Kuna maneno ambayo hata hivyo hayatoshi. "Brother" ni ani akiwa mkubwa wako, otōto akiwa mdogo, na barua ya mteja haisemi. Mpigie simu umuulize.